Ngitili

Ngitili (huandikwa pia ngitiri) ni eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania hulifunga kwa mifugo wakati wa mvua, ili nyasi, vichaka na miti viote humo bila kuliwa. Eneo hilo hufunguliwa tena wakati wa kiangazi, malisho yanapokuwa yamekwisha kwingineko. Neno lenyewe ni la Kisukuma na hutaja mahali palipofungwa au kuhifadhiwa.

Desturi hiyo ni ya zamani, lakini katika karne ya 20 ilikaribia kutoweka. Kuanzia mwaka 1986 ilifufuliwa na wanakijiji wa Mkoa wa Shinyanga kwa msaada wa mradi wa serikali uliojulikana kama Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Katika muda wa miaka ishirini hivi, ardhi iliyokuwa tupu ilirudi kuwa na miti kwenye maelfu kwa maelfu ya hekta. Kwa sababu hiyo ngitili hutajwa mara nyingi katika mafunzo ya uhifadhi kama mfano wa elimu ya mazingira iliyoanzia kwenye maarifa ambayo jamii yenyewe ilikuwa nayo.

## Jinsi ngitili inavyotunzwa

Usukumani kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mnamo Novemba na kumalizika mnamo Mei. Mvua zinapoanza, mwenye ngitili huacha kuingiza mifugo humo. Mara nyingi mpaka hauna ua wala uzio. Hutambulikana kwa njia, mti mkubwa, kichuguu au ukingo wa shamba, na kila jirani anaujua.

Kwa miezi kadhaa nyasi hukua na kutoa mbegu. Visiki na mizizi iliyobaki ardhini huchipua, na machipukizi hayo hupata nafasi ya kuinuka kwa kuwa hayatafunwi na mbuzi wala kukanyagwa na ng'ombe. Mvua zinapokwisha, nyasi hukauka zikiwa bado zimesimama. Hiyo ndiyo akiba: malisho hayakatwi wala kuwekwa ghalani, bali hubaki palepale yalipoota hadi yatakapohitajika.

Ngitili hufunguliwa kiangazi kinapokolea, takriban Julai au Agosti. Familia nyingi hazifungui eneo lote kwa mara moja. Huligawa katika sehemu, na mifugo huingia sehemu moja hadi nyasi zipungue, ndipo ihamie nyingine. Wanaotangulizwa ni ndama, wanyama wagonjwa au wazee, ng'ombe wa maziwa na maksai.

Kuwatanguliza maksai kuna sababu yake. Shamba hulimwa mvua za kwanza zinapoanguka, yaani mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo ng'ombe wamekonda kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka. Maksai asiye na nguvu hawezi kuvuta jembe, na familia inayochelewa kulima huchelewa kupanda. Hivyo ngitili ni sehemu ya kilimo cha chakula kama ilivyo sehemu ya ufugaji.

Kuna aina tatu kuu za ngitili:

- Ngitili ya familia au ya mtu binafsi, ambayo kwa kawaida ina hekta chache na hurithiwa ndani ya ukoo.
- Ngitili ya jumuiya, inayomilikiwa na kijiji au kitongoji na ambayo huwa kubwa zaidi.
- Ngitili ya taasisi, kama vile shule, kanisa au kikundi.

## Mazingira ya Shinyanga

Shinyanga iko kusini kwa Ziwa Viktoria, katika uwanda wenye vilima vya mawe hapa na pale. Mvua huwa kwa kawaida kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, lakini hubadilika sana kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Upande wa magharibi, kuelekea Kahama, uoto wa asili ni msitu wa miombo. Upande wa mashariki ni mkavu zaidi, na huko migunga na miti mingine yenye miiba ndiyo mingi.

Wakazi wengi ni wakulima ambao ni wafugaji pia. Hulima mahindi, mtama, mpunga na pamba, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ng'ombe ni akiba ya familia: huuzwa wakati wa njaa, hutolewa mahari, na huvuta majembe na mikokoteni. Mkoa huu umekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye ng'ombe wengi.

## Historia kabla ya 1986

### Kufyeka misitu

Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa na miti. Misitu hiyo ilikuwa makao ya mbung'o, inzi wanaoeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha kampeni za kufyeka vichaka na misitu ili kuwaondoa mbung'o. Shinyanga ikawa kituo cha utafiti wa wadudu hao chini ya Charles Swynnerton. Kazi ya kufyeka ilifanywa na wananchi wengi waliokusanywa kupitia kwa watemi wao.

Mbung'o walipungua na ng'ombe wakapata nafasi ya kuongezeka. Lakini miti iliyokatwa haikupata muda wa kurudi. Mashamba ya pamba yalipanuka, kuni zilihitajika, na mifugo ilikula kila chipukizi. Miaka ya baada ya uhuru iliendelea na mwenendo uleule.

### Amri za lazima

Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa maendeleo ya Usukuma. Mpango huo uliona vizuri kwamba ardhi ilikuwa inachoka, lakini njia yake ilikuwa ya amri: wakulima walilazimishwa kutengeneza matuta, kupunguza mifugo na kufuata kanuni nyingi za kilimo, na waliokaidi walitozwa faini. Amri hizo zilizua chuki na upinzani, na katika miaka ya 1950 serikali ililazimika kulegeza kamba. Kwa wazee wengi, hifadhi ya ardhi ilibaki kuwa neno la adhabu.

### Operesheni Vijiji

Pigo kwa ngitili zenyewe lilikuja katika miaka ya 1970. Wakati wa Operesheni Vijiji, hasa mwaka 1974 na 1975, familia zilihamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji vya pamoja. Nyumba, mashamba na ngitili viliachwa nyuma. Ardhi iliyokuwa ya ukoo fulani sasa ilikuwa mbali na wenyewe, na haikuwa wazi ni nani mwenye haki ya kumzuia mwingine kuingiza mifugo humo.

Ngitili hulindwa na ujuzi wa majirani kwamba mahali fulani ni pa mtu fulani. Ujuzi huo ulipovunjika, ngitili nazo zilivunjika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, ngitili zilizojulikana kuwa bado zinatunzwa katika mkoa mzima zilikadiriwa kuwa na hekta 600 hivi tu. Wanawake walitembea mbali kutafuta kuni, na katika sehemu nyingine samadi ya ng'ombe, ambayo ingerutubisha shamba, ilichomwa jikoni. Upepo na mvua kubwa viliondoa udongo wa juu.

## Hifadhi Ardhi Shinyanga

Katikati ya miaka ya 1980 Rais Julius Nyerere aliitembelea Shinyanga na kushtushwa na hali ya ardhi. Mradi wa HASHI ulianzishwa mwaka 1986 chini ya wizara iliyohusika na misitu. Ulisaidiwa na serikali ya Norwei, na baadaye kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao yake Nairobi, ICRAF, kiliungana nao.

Tanzania ilikuwa tayari na mradi mwingine wa aina hiyo, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanzishwa mwaka 1973. Mwaka 1979 HADO iliondoa mifugo yote kutoka eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mimea ilirudi, lakini wafugaji walilazimika kuhamishia wanyama wao kwingine au kuwakosa kabisa. Shinyanga, ambako karibu kila familia inategemea ng'ombe kwa namna fulani, njia hiyo isingewezekana bila kuvunja maisha ya watu.

Mwanzoni HASHI nayo ilitegemea sana vitalu vya miche vilivyosimamiwa na mradi wenyewe, pamoja na upandaji wa miti, ikiwemo ya kigeni. Miche hugharimu fedha na maji. Katika nchi kavu mingi hufa kwa ukame, mchwa na mifugo, na mche uliopandwa na mradi huonekana kuwa mali ya mradi. Katika mazungumzo na wanakijiji ilidhihirika kwamba walikuwa tayari na njia isiyohitaji miche: kulifunga eneo na kuiacha mizizi iliyomo ardhini ichipue. Mkazo wa mradi ulihamia polepole kwenye ngitili. Vitalu vilivyobaki vilikuwa zaidi vya watu binafsi, vikundi na shule.

## Elimu kwa wanakijiji

Elimu iliyotolewa ilitofautiana na ile ya amri za kikoloni katika mambo kadhaa.

Kwanza, ilianza na maswali. Katika mikutano ya kijiji watu waliulizwa miti ipi ilikuwapo zamani, ilikuwa na matumizi gani, ilipotea lini na kwa nini. Wazee walikuwa na majibu ambayo wataalamu hawakuwa nayo: mti upi ni dawa ya tumbo, upi hutoa nguzo zisizoliwa na mchwa, na upi hubaki na majani mabichi hata kiangazi. Orodha za miti zilizotokana na mazungumzo hayo zilionyesha kwamba wanakijiji walipendelea kwa kiasi kikubwa miti ya asili.

Pili, mafunzo yalitolewa kwa njia nyingi. Kulikuwa na warsha za vijijini, maigizo, video na magazeti, mbali na mikutano ya kawaida. Lengo lilikuwa kuwaonyesha watu jinsi mmomonyoko unavyotokea na jinsi unavyoweza kurudishwa nyuma. Njia hizi zilifaa pia kwa watu wasiojua kusoma.

Tatu, mafunzo hayakuishia kwenye ngitili. Wakulima walijifunza kupanda miti mipakani mwa mashamba, kutenga vipande vya miti ya kuni karibu na nyumba, na kuchanganya mazao na miti inayorutubisha udongo. Familia yenye kuni karibu na nyumba huwa na sababu ndogo ya kuingia ngitili ya jirani na shoka.

Ngitili yenyewe pia ni somo lisilohitaji mwalimu. Baada ya misimu michache ya mvua tofauti huonekana kwa macho: upande mmoja wa njia ardhi ni tupu, upande wa pili nyasi zimefika magotini. Hii ndiyo sababu moja inayotajwa kueleza kwa nini desturi hii ilienea haraka kutoka kaya hadi kaya, hata mahali ambapo maofisa wa mradi hawakufika mara nyingi.

## Ulinzi na sheria ndogo

Maarifa peke yake hayazuii ng'ombe wa usiku. Ngitili zilidumu kwa sababu vijiji vilikuwa na vyombo vyao vya kuzilinda.

Chombo kimoja ni dagashida, baraza la jadi la Wasukuma ambamo wanajamii hujadili kanuni na kuamua adhabu. Kingine ni sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka upya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Sungusungu waliozoea kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa waliweza pia kumpata aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa, aliyechoma moto au aliyekata miti.

Sambamba na kanuni za jadi, vijiji vilitunga sheria ndogo chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Hivyo mkosaji aliyekataa uamuzi wa wazee aliweza kufikishwa mbele ya vyombo vya serikali. Mchanganyiko huo wa mila na sheria ya nchi ulizipa kanuni nguvu ambayo amri za miaka ya 1940 hazikuwa nayo: waliozitunga ndio waliozitekeleza, na ndio waliokosa malisho zilipovunjwa.

## Matokeo

Makadirio ya eneo lililorudishwa yanatofautiana, lakini yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 yanataja kati ya hekta 300,000 na 500,000 katika mkoa mzima, kutoka hekta 600 hivi za mwaka 1986. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitambuliwa kimataifa kupitia mpango wa Equator Initiative wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Utafiti uliofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN), na kutolewa mwaka 2005, ulijaribu kupima faida kwa fedha. Ulikadiria kwamba ngitili zilimpatia kila mtu thamani ya takriban dola 14 za Marekani kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu mmoja vijijini Tanzania ulikuwa takriban dola 8.50 kwa mwezi. Sehemu kubwa ya thamani hiyo haipiti sokoni: ni kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa za asili, matunda ya porini, asali na malisho ambayo familia huyatumia yenyewe.

Faida nyingine ni muda. Kuni, nyasi na maji vinapopatikana karibu, wanawake na watoto hutembea kidogo zaidi kuvitafuta. Mapato ya ngitili za jumuiya yalitumika katika vijiji kadhaa kujenga madarasa na huduma nyingine za pamoja.

Viumbe pia vilirudi. Uchunguzi ndani ya ngitili uliorodhesha spishi 152 za miti, vichaka na mimea mingine, pamoja na spishi 145 za ndege. Lakini wanyama waliorudi hawakuwa wote wa kupendeza. Fisi walipata maficho karibu na mazizi, na wanyama wengine walikula mazao. Utafiti wa mwaka 2005 ulikadiria hasara ya familia kutokana na wanyamapori kuwa takriban dola 63 kwa mwaka, kiasi ambacho bado kilikuwa chini sana ya faida.

## Suala la umiliki na usawa

Si kila mtu anayenufaika sawa. Mwenye ardhi kubwa anaweza kufunga sehemu yake na bado akabaki na mahali pa kulima. Mwenye ekari mbili hawezi. Kadhalika malisho yana thamani zaidi kwa mwenye ng'ombe wengi. Familia maskini hutegemea ngitili za jumuiya kwa kuni na dawa, na hizo ni chache kwa idadi kuliko ngitili za watu binafsi.

Kadiri ngitili zinavyopata thamani, ndivyo zinavyokuwa mali ya kuuzika na kukodishwa. Ardhi ambayo zamani ilifunguliwa kwa jirani mwenye shida sasa inaweza kukodishwa kwa mwenye fedha. Familia inayouza ngitili wakati wa njaa huondoa tatizo la mwaka mmoja lakini hupoteza akiba ya miaka yote inayofuata.

Sheria zimejaribu kuweka msingi imara zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki miliki za kimila na kuruhusu zitolewe hati, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji na vikundi kutenga na kusimamia misitu yao. Hata hivyo, kupata hati kunahitaji mipaka ya kijiji iliyopimwa, mpango wa matumizi ya ardhi na muda, mambo ambayo si kila kijiji kinayo.

## Baada ya mradi

HASHI ilimalizika mwaka 2004. Mwaka 2012 mkoa wenyewe uligawanyika: wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia katika Mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe katika Mkoa wa Geita. Maeneo yenye historia moja ya ngitili sasa yako chini ya mikoa mitatu.

Kati ya mwaka 2010 na miaka iliyofuata, shirika la Kitanzania la nishati liitwalo TaTEDO liliendesha mradi wa majaribio katika wilaya za Kahama na Shinyanga kuona kama wenye ngitili wanaweza kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yao. Majaribio hayo yalikuwa sehemu ya mpango wa kitaifa wa MKUHUMI.

Mashinikizo yanaongezeka. Idadi ya watu imekua, kila kizazi hugawana ardhi ileile, na shamba jipya mara nyingi hupatikana kwa kukata ngitili ya baba. Mahitaji ya mkaa mijini na ya kuni za kukaushia tumbaku upande wa Kahama yanaipa miti bei ya haraka.

Historia ya eneo hili inaonyesha pia kwamba ngitili inaweza kupotea na kurudi. Iliporudi, mbegu na mizizi vilikuwa bado ardhini, na wazee waliojua kuitunza walikuwa bado hai. Kwa hiyo kuwarithisha vijana maarifa hayo, shuleni na nyumbani, pamoja na kuwapa uhakika wa ardhi watakayoitunza, ni mambo mawili yanayotajwa kuwa sharti la kudumu kwake.

## Tazama pia

- Wasukuma
- Mkoa wa Shinyanga
- Hifadhi Ardhi Dodoma
- Sungusungu
- Mbung'o
- Kilimo mseto
- Mmomonyoko wa udongo